Lori Lenye Haya

Lori la Osundwa lilianza kulia tik-tik-tik asubuhi ileile ambayo miwa ya Khalayi ilikuwa imelala chini, imekatwa, imevuliwa majani na kupangwa mistari, kama waumini waliowahi kanisani wakakuta mchungaji hajaamka.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Lori likienda, haukusikika. Likipanda kilima kwa kishindo, haukusikika. Lakini likisimama, injini ikabaki kunguruma polepole kama mzee anayesinzia baada ya sahani ya obusuma, ugali wa kwao, hapo ndipo ulipotoka: tik, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Wanyama, dereva, aliusikia wa kwanza. Akazima. Akawasha. Tik, tik, tik. Akashuka na kwenda kumwita mwenye lori kwa mwendo wa mtu anayepeleka habari ya msiba.

Osundwa alikuja akiwa na tai shingoni. Miaka ile muwa ulikuwa umewapanda watu kichwani. Upande wote ule wa Khwisero mtu aliyekuwa jana akipanda mahindi na maharagwe, leo alikuwa na mabati juu, redio kubwa kuliko meza iliyoibeba, na tai ya kwendea shambani kuangalia muwa ukikua, kana kwamba muwa ungekataa kukua mbele ya mtu asiye na tai. Kuna mmoja alinunua miwani ya kusomea hali hajui kusoma. Osundwa yeye alinunua lori. Lilikuwa limezeeka mikononi mwa wengine, lina pua ndefu na macho ya duara, lakini alilipaka rangi ya buluu, akaliandika NEEMA YATOSHA kipajini, na tangu siku hiyo hakuitwa tena Cornelius. Aliitwa Mwenye Lori, naye akaitika.

"Haitoki," alisema, baada ya kusikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Shemeji, miwa yangu iko chini," alisema Khalayi. Alikuwa amesimama hapo tangu kabla ya jua, panga mkononi, leso imekazwa kiunoni.

"Nasikia."

"Unasikia miwa?"

"Nasikia injini, Mama Jescah. Injini ikilia hivi ukaipakia mzigo, inapasuka. Mimi sitapasua lori kwa sababu ya muwa."

"Kwani ulilinunua kubeba nini? Mayai?"

Osundwa alinyoosha tai. Alikuwa mzee wa kanisa, na wazee wa kanisa hawajibu kila kitu.

Muwa uliokatwa haungoji. Leo ni sukari, keshokutwa ni siki, halafu ni kuni. Pale lango la kiwanda alikaa karani mmoja aliyevunja muwa kwa goti, akautazama kama daktari anayetazama ulimi, na ukiwa umekauka alisema neno moja tu: "Rudisha." Kwa mtu mwingine hiyo ilikuwa hasara. Kwa Khalayi ilikuwa zaidi. Mumewe Onesmus, mdogo wake Osundwa, alikufa muwa ukiwa na urefu wa goti. Baada ya matanga ukoo ulikaa, ukanywa chai ya mjane, ukatoa hukumu: mwanamke ajaribu. Muwa wake ukifika kwenye mizani ya kiwanda, shamba ni lake na watoto wake. Ukimkaukia shambani, basi ameshindwa na muwa, na ndugu za marehemu watalima wenyewe. Penye wazee hapaharibiki neno. Hilo nalo husemwa na wazee.

Lori la mtu mwingine asingelipata. Yote yalikuwa yameshapewa mashamba yao ya kubeba, na eneo lile lilikuwa la Osundwa. Kwa hiyo Khalayi alitazama ile pua ndefu ya buluu, akamtazama shemeji yake, akajiuliza kama tik-tik ile ilikuwa ndani ya injini au ndani ya tumbo la mtu.

"Tumwite fundi," alisema Osundwa, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, jambo lililomchanganya Khalayi hata zaidi.

Fundi aliitwa Mukhwana, na alitoka Lubao. Alikuja na kisanduku cha spana na ovaroli iliyopigwa pasi hadi ikawa na kingo. Aliomba chai kwanza. Haraka ni ya wenye gari. Fundi hana haraka. Alipomaliza kikombe alisema, "Washa."

Wanyama akawasha. Tik, tik, tik, tik.

"Fungua boneti."

Boneti ikafunguliwa, na mlio ukakoma. Kabisa. Injini ilibaki ikinguruma tu, safi, kama paka aliyeshiba.

"Mmeona?" alisema Mukhwana, akitabasamu. "Imenijua."

Watu wakacheka kwa heshima. Mukhwana akatoa bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Alisikiliza huku, akasikiliza kule, akaguna, akatikisa kichwa, akaguna tena. Nusu ya kazi ya fundi ni kuguna.

"Ni tapeti," alisema. "Vile vyuma vinavyosukuma valvu. Zimelegea. Gari ikiwa mzee, tapeti huongeanga."

Ndipo alipoona muwa.

Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani kwenye ule upau wa chuma unaoshika rejeta, mbele ya injini, juu ya feni: muwa mzima mfupi pamoja na kishungi chake. Huo haukuwa muwa wa kutafuna. Msimu ulipofunguliwa Osundwa alilipeleka lori kanisani likaombewe, na muwa wa kwanza kukatwa ukawekewa mikono na mchungaji. Angeufunga nje, kwenye bampa, watoto wangeula kabla ya Amina. Kwa hiyo aliufunga ndani, kifuani mwa lori, penye joto. Wenye malori wengine waliona wakameza mate, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyetaka lake liombewe kwa maneno matupu.

"Hii ni nini?" aliuliza Mukhwana, akinyoosha mkono.

"Usiguse!" Osundwa alisema. "Hiyo ni ya Bwana."

Mukhwana akavua kofia. Akausogeza muwa kwa nyuma ya kiganja, taratibu, kama mtu anayefunua pazia la madhabahu, akaendelea na tapeti zake. Alilegeza, akakaza. Alikaza alicholegeza. Alipoagiza lori liwashwe, boneti ikiwa wazi, hakukusikika tik wala tak.

Furaha ilikuwa kubwa mno. Jogoo akachinjwa. Jogoo alikuwa wa Khalayi, kwani kazi ilikuwa ya muwa wake, na firigisi, ambayo kwa desturi ya boma lolote la pale humngoja mwenye boma, akapewa Mukhwana. Aliila kwa macho yaliyofumbwa, vilevile alivyosikiliza injini. Akafuta midomo, akaaga, akashika njia ya Lubao.

Wanyama akafunga boneti, akawasha. Tik, tik, tik, tik.

"Lilikuwa linamngoja aondoke," alisema Wanyama kwa sauti ndogo.

Siku iliyofuata Khalayi alikwenda shambani kwanza, akavunja muwa mmoja wa mstari wa juu. Maji yalitoka, lakini si kama jana. Akafunika mistari kwa majani makavu alivyoweza, kisha akarudi kwa lori, na njiani alivitusi vyote vyenye magurudumu.

Alikuta Andati ameshafika. Mzee Andati aliitwa Afande, kwa sababu aliendesha malori ya jeshi kule Burma wakati wa vita ya Mwingereza, na tangu arudi hakuna gari lililougua katika nchi ile bila yeye kusema ugonjwa huo aliuona Burma.

"Washa, kijana."

Tik, tik, tik.

"Aha. Kule Burma, huyu tulimjua. Fungua boneti."

Kimya.

"Aha!" alisema Afande kwa sauti kubwa zaidi, kwani mtu wa Burma hashtuki. "Anajificha. Mjapani pia alikuwa hivi. Unamsikia, ukifungua majani hayupo."

"Basi ni tapeti au si tapeti, Afande?" aliuliza Osundwa.

"Tapeti! Nani amesema tapeti? Yule mtu wa Lubao? Yule alifundishwa kazi na baiskeli. Huu mlio unatoka nyuma, kwenye giaboksi, unapanda mpaka mbele. Masikio yenu yanadanganywa. Leteni ndizi."

"Ndizi?"

"Mbivu. Burma mafuta yakiisha tulitia ndizi kwenye giaboksi, na tulifika."

Ndizi zilitoka kwenye mgomba wa Khalayi. Zingetoka wapi tena? Afande alilala chini ya lori, akaingiza ndizi moja baada ya nyingine akihesabu kwa Kiingereza cha jeshi, akaibuka na mafuta usoni, akaamuru. Wanyama akawasha, boneti ikiwa bado wazi, na injini haikugonga hata kidogo. Afande akapiga saluti. Wakamshangilia. Kisha boneti ikashushwa.

Tik, tik, tik, tik.

Khalayi akasema, na hakusema kwa hekima yoyote, alisema kwa hasira: "Jamani, lori hili likifunuliwa linanyamaza, likifunikwa linalia. Kwa nini tusiende likiwa limefunuliwa?"

Wanaume wakageuka wote kwa pamoja.

"Mama Jescah," alisema Wanyama kwa upole, "boneti ikiwa juu mimi nitaona barabara na nini?"

"Na macho ya yule Mjapani," alisema Khalayi.

"Mwacheni," alisema Osundwa. "Mwanamke hajui injini. Hii si sufuria, kwamba ukifunua mfuniko chakula kinaacha kuchemka."

Wakacheka sana. Khalayi naye angecheka, kama si kwamba harufu ya muwa unaoanza kuchacha ilikuwa imeshamfikia pale aliposimama.

Hapo tena kulibaki dawa moja. Osundwa aliita watu wa maombi. Alimwita na Mukhwana kutoka Lubao, apime kabla na baada, maana siku hizo hata miujiza ilitaka fundi. Wakalizunguka lori wakiimba. Wanyama akawasha, Osundwa akaanza kuomba, na kwa ishara yake wote wakaweka mikono juu ya boneti, wakaikandamiza kwa imani yao yote.

TIK-TIK-TIK-TIK-TIK!

"Anajibu!" alipiga kelele mmoja.

Wakakandamiza zaidi. Likalia zaidi, kwa nguvu, kwa hasira, mpaka wengine wakatoa mikono kama waliogusa jiko, na mlio ukapungua. Wakarudisha mikono, ukaongezeka. Osundwa alikuwa akitokwa na jasho lililolowesha tai.

"Zima," alisema.

Wanyama akazima. Afande Andati akakohoa.

"Mimi nitasema, kwa sababu mimi ni mzee na siogopi. Hii si gari tena. Kuna mtu anagonga. Lori lilikuwa zima mpaka siku lilipotaka kubeba muwa wa nani? Wa Onesmus. Anayegonga ni Onesmus. Hataki."

Minong'ono ikapita. Mukhwana, ambaye jana kabla ya firigisi alikuwa na hakika ya tapeti, akatikisa kichwa polepole na kusema kwamba ndiyo, tapeti zinaweza kulegezwa na mtu wa namna hiyo pia.

"Basi miwa ibaki," aliendelea Afande. "Na shamba lirudi kwa ndugu zake, apumzike."

Osundwa alitazama chini. Na Khalayi aliona lile jambo alilokuwa akilitafuta usoni mwa shemeji yake tangu mwanzo: hakuwa amelipanga. Alikuwa analiogopa lori lake kweli. Lakini kwa kuwa sasa shamba limekuja lenyewe hadi miguuni pake, hakuwa mtu wa kulifukuza.

Khalayi akapasua duara la maombi.

"Onesmus?" alisema. "Onesmus anagonga tik-tik-tik? Nyinyi mlimjua mume wangu au mlimsikia? Huyo akigonga mlango, bawaba zilikuwa zinang'oka. Hasa akitoka kwako, Afande, alikokuwa anakunywa hiyo pombe yako ya Burma!"

"Mama Jescah—"

"Nyamaza, shemeji. Nimechinja jogoo, nikanyamaza. Nimelisha giaboksi ndizi watoto wangu wakitazama, nikanyamaza. Sasa mnataka kunilisha mume wangu. Mnajua muwa ukikaa unakuwaje? Hamjui! Mnaujua mkiwa na tai. Ngojeni niwaonyeshe."

Alifunua boneti kwa mikono miwili, na kabla mtu hajajua anatafuta nini, alikuwa ameshakata kamba ya katani kwa panga na kuchomoa muwa wa Bwana.

Mtu akapiga ukemi. Khalayi akauweka muwa kwenye jino la pembeni, mbele ya mzee wa kanisa na waimbaji wote, akauma. Haukutoa hata tone. Ulilia krak kama fito, naye akatema makapi makavu kwenye vumbi.

"Onjeni! Onja, shemeji! Huu ndio muwa wa kwanza wa msimu. Umeombewa, umewekewa mikono, umelala kifuani mwa lori la mzee wa kanisa. Na umekauka! Wangu haukuombewa na mtu, uko kwenye jua. Mnafikiri utaningoja mpaka mmalize kuongea na maiti?"

"Mulamwa!" Osundwa alilia, na kwa mshtuko neno la nyumbani la shemeji likamtoka kabla ya la Kiswahili. "Mulamwa, umeng'oa baraka! Umeua lori!"

Wanyama ndiye aliyeingiwa na hofu zaidi, kwa kuwa yeye ndiye angekaa ndani likipasuka. Alibamiza boneti, akakimbilia usukani, akawasha, kama mtu anayemtikisa aliyezimia aone kama bado yupo.

Injini ikawaka. Ikanguruma. Watu wakangoja.

Wakaendelea kungoja.

Boneti ilikuwa imefungwa, na injini ilinguruma polepole, na hapakuwa na tik. Kuku mmoja alipita chini ya bampa akidonoa, ukasikika mdomo wake ukigonga changarawe.

Khalayi aliutazama muwa mkononi mwake. Kishungi chake, pale kilipokaukia na kuwa kigumu, kilikuwa kimechongwa upande mmoja, kimechanika nyuzi nyuzi kama mswaki wa mti uliotumika sana. Akaangalia feni kupitia mianya ya rejeta, ikizunguka. Akaangalia boneti. Hakuhitaji bisibisi sikioni. Boneti ikishuka iliuinamisha muwa, muwa ukalamba feni. Injini ikikimbia, upepo wa feni uliusukuma kando. Baraka ya Bwana ndiyo iliyokuwa ikigonga.

Alimsogezea Osundwa ile ncha chini ya pua. Osundwa aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama pembeni, na masikio yake yakabadilika rangi, kadiri masikio yetu yanavyoweza.

Mukhwana ndiye aliyewahi kusema. "Tapeti," alisema, akivaa kofia, "huchukuanga siku kutulia. Sikuwaambia?"

"Ndizi imefika," alisema Afande. "Ilikuwa njiani."

"Shetani amekimbia," alisema mmoja wa waimbaji, "amesikia jina."

"Amekimbilia wapi?" aliuliza Khalayi. "Yuko hapa mkononi mwangu, ana meno yangu."

Hakuna aliyemsikia, au walimsikia wote. Osundwa akakohoa sauti ya kanisani.

"Tumshukuru Mungu," alisema, "kwa njia zake ambazo hatuzijui."

Khalayi angeweza kumwambia kwamba njia hii anaijua vizuri, ina kamba ya katani na fundo alilolifunga mwenyewe. Lakini jua lilikuwa linapanda, na harufu ya kuchacha nayo. Mtu anayetaka kupakia miwa habishani na mwenye lori.

"Amina," alisema. "Tupakie."

Walipakia kama watu wanaozima moto. Wanawake wenzake walikuja na watoto wao wakubwa, na hata waimbaji wawili, kwa aibu tu, walivua viatu. Miwa ya mstari wa juu, iliyopigwa na jua, Khalayi aliitupa mwenyewe bila kuulizwa. Ile ya chini, iliyofunikwa, bado ilikuwa na uzito wa maji. Mchana ulipoinama kidogo NEEMA YATOSHA liliondoka likiyumba, Wanyama kwenye usukani, Osundwa pembeni yake, na Khalayi juu ya miwa, kwani hakutaka tena kuiacha peke yake na mwanamume yeyote.

Karibu na kiwanda walikuta foleni. Malori yalianzia langoni yakarudi nyuma mpaka penye duka la mwisho, na hakuna dereva aliyezima injini, kwa sababu malori ya umri ule ukiyazima ni wewe na mungu wako. Foleni kama hiyo ingekula siku nzima iliyobaki. Khalayi alivunja muwa kimyakimya. Maji yalikuwapo. Kesho yasingekuwapo.

Ndipo alipousikia.

Tik, tik, tik, tik. Mbele yao, lori jekundu. Tik, tik, tik. Mbele ya hilo, la kijani. Kila lori la kanisa lao lililosimama pale, limeombewa kama lilivyoombewa la Mwenye Lori, limefungwa muwa kifuani kama lilivyofungwa la Mwenye Lori, muwa umekauka kwa joto lilelile katika majuma yaleyale, lilikuwa linagonga. Foleni nzima ilikuwa inagonga, kama kanisa la watu wanaogonga meno kwa kucha.

Mwenye lori jekundu alikuwa ameshashuka. Akafunua boneti. Kimya. Akafunga. Tik. Akamwita wa lori la kijani, yule akaja na bisibisi, akaiweka sikioni, akafumba macho, akaguna.

"Toa kando," walimsikia akisema. "Usiingie langoni na mlio huu. Itapasukia kwenye mizani."

Lori jekundu likatoka kwenye foleni. La kijani nalo, baada ya kujisikiliza, likatoka. Kisha lingine.

Kutoka juu ya miwa Khalayi aliona kichwa cha Osundwa kikichomoza dirishani. Mzee wa kanisa alitazama malori yale, akamtazama Khalayi. Angeweza kuwaambia, nao wangepona mara moja. Ila angelazimika kuwaambia pia ni nani aliyeleta ugonjwa. Kinywa kilifunguka. Kinywa kikafungwa. Kichwa kikarudi ndani.

Khalayi naye hakusema. Alisema moyoni kwamba atasema, akishapita mizani. Wanyama akasogea mbele, akasogea tena, na foleni ikameguka mbele yao kama obusuma mbele ya wenye njaa.

Karani wa lango alichomoa muwa, akauvunja kwa goti. Maji yalimchirizikia mkononi hadi kwenye mkono wa shati. Akaupangusa.

"Wa nani?"

"Wa Khalayi," alijibu Khalayi kutoka juu, kabla ya Osundwa kupata nafasi ya kujibu wa ukoo.

"Pita."

Lori likapanda mizani, na chuma cha mizani kikaguna chini ya uzito wa shamba la watoto wake. Osundwa alishuka, akalizunguka lori lake mara mbili, akaja kusimama chini ya Khalayi akitazama juu, tai mkononi.

"Mulamwa. Nipe mmoja basi. Mbichi. Wa kufunga."

Khalayi akachagua mrefu mnyoofu, akamtupia. "Funga nyuma, shemeji. Bwana ataona tu."

Kisha akashuka, akafunga leso vizuri, akarudi kwa miguu kando ya barabara kutimiza alichojiahidi. Malori yalikuwa yameegeshwa majanini, boneti zikipanda na kushuka kama midomo ya samaki. Alimfikia mwenye lori jekundu, aliyekuwa amepiga magoti mbele ya injini, bisibisi sikioni, macho yamefumbwa. Kando yake fundi wa kuokotwa alikuwa ameanza kumwaga mafuta, na mtu mwingine alikuwa ametumwa ndizi.

"Baba," alisema Khalayi, "ondoa ule muwa hapo juu ya feni. Ndio unaogonga."

Mwanamume yule hakufumbua macho. Aliinua kidole kimoja.

"Nyamaza kidogo, mama," alisema. "Tunasikiliza."